Utekelezaji wa Kiishara katika Kutatua Mafumbo ya Uhandisi wa Kinyume: Kutoka Shindano la Kuteka Bendera hadi Mizani ya Dhahabu Geita

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mbinu ya utekelezaji wa kiishara inavyotumika kutatua mafumbo ya uhandisi wa kinyume, yaani mafumbo yanayomtaka mtatuzi agundue siri ya programu bila kuwa na msimbo chanzo wake. Aidha, makala yanachunguza iwapo ujuzi unaopatikana katika mafumbo hayo unaweza kutumika katika uhakiki wa mizani za kielektroniki zinazopima dhahabu, kwa kurejelea mazingira ya Kalangalala katika mji wa Geita. Hoja kuu ni kwamba fumbo la mashindano huhitaji jibu la “ndiyo”, ambalo hujithibitisha lenyewe, ilhali uhakiki wa kifaa huhitaji jibu la “hapana”, ambalo uzito wake hutegemea kiasi cha njia za programu zilizochunguzwa. Kwa hiyo, njia za mkato zinazokubalika katika shindano zinaweza kuuficha udanganyifu uleule ambao mhakiki anautafuta.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Geita ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa sehemu za mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Kagera. Uchumi wake unategemea dhahabu kwa kiasi kikubwa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kandokando yake wapo wachimbaji wadogo wanaochimba katika maduara, kusaga mawe na kuosha mchanga kwenye mialo. Kalangalala ni mojawapo ya kata za mji huo. Mwezi Machi 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua soko la dhahabu mjini Geita, ili mchimbaji mdogo auze mahali ambapo bei inajulikana na maofisa wa serikali wapo.

Katika biashara hiyo, mizani ndiyo mwamuzi. Namba inayoonekana kwenye kioo cha mizani huamua malipo ya mchimbaji, mgawanyo kati yake na wenzake wa duara, na makusanyo ya serikali. Kwa mizani ya kizamani yenye sahani mbili, mnunuzi na muuzaji waliweza kuona kwa macho jinsi upande mmoja ulivyoshuka. Kwa mizani ya kielektroniki, kinachoonekana ni matokeo ya programu. Kitambuzi kilicho chini ya sahani hubadili mkandamizo kuwa ishara ya umeme. Ishara hiyo hugeuzwa kuwa namba. Kisha programu iliyo ndani ya chipu huirekebisha namba hiyo na kuionyesha kama gramu. Hatua hiyo ya mwisho haionekani kwa muuzaji wala kwa mnunuzi.

Nchini Tanzania, uhakiki wa mizani za biashara ni jukumu la Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Utaratibu wa msingi wa uhakiki, hapa nchini na kwingineko duniani, ni kuweka mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana juu ya sahani na kulinganisha usomaji. Utaratibu huo ni imara dhidi ya mizani iliyochoka au iliyoharibika. Swali linalobaki ni hili: je, ikiwa programu yenyewe ina njia iliyofichwa, ambayo hufunguka kwa masharti fulani tu, jiwe la mizani litaigundua?

Ieleweke kwamba makala haya hayadai kuwa mizani yoyote inayotumika Geita imechezewa. Programu inayochambuliwa katika sehemu ya 3.0 imetungwa kwa madhumuni ya maelezo. Hata hivyo, swali lenyewe si la kubuni, kama kisa cha magari ya Volkswagen kitakavyoonesha katika sehemu ya 6.0.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Uhandisi wa kinyume na mafumbo yake

Programu nyingi huandikwa katika lugha inayosomeka na binadamu, kisha kompaila huzigeuza kuwa msimbo wa mashine, yaani mfululizo wa maelekezo mafupi ambayo kichakato huyatekeleza moja baada ya jingine. Katika mgeuzo huo majina ya vigeu, maelezo ya mwandishi na sehemu kubwa ya muundo wa awali hupotea. Uhandisi wa kinyume ni kazi ya kurudi nyuma: kuanzia msimbo wa mashine na kujenga upya uelewa wa kile ambacho programu hufanya.

Ujuzi huu hufunzwa sana kupitia mashindano ya kuteka bendera. Mshindani hupewa programu inayoomba neno la siri. Neno likiwa sahihi, programu hutoa mfuatano wa herufi unaoitwa bendera. Likiwa si sahihi, hukataa. Miongoni mwa mashindano yanayofahamika kwa wanafunzi ni picoCTF, yaliyoanzishwa mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani. Chuo hicho kina tawi Kigali, nchini Rwanda, na kupitia juhudi zake barani Afrika wanafunzi wa bara hili wamekuwa na nafasi yao katika shindano hilo. Kwa mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa, kwa hiyo, fumbo la aina hii si jambo la ughaibuni tu.

Njia ya kwanza inayomjia mtatuzi ni kubahatisha. Udhaifu wake huonekana kwa hesabu ndogo. Neno la siri lenye herufi nane, zinazochaguliwa kutoka alama 95 za kawaida za kibodi, lina michanganyiko zaidi ya 6,600,000,000,000,000. Kompyuta inayojaribu michanganyiko milioni moja kwa sekunde ingehitaji takriban miaka 210 kuimaliza yote. Njia ya pili ni kusoma msimbo wa mashine mstari kwa mstari. Njia hii hufaa, lakini huchosha na huchukua muda mrefu pale ukaguzi wa neno la siri unapotawanywa katika mamia ya hatua.

2.2 Utekelezaji wa kiishara

Njia ya tatu ndiyo mada ya makala haya. Wazo la kutekeleza programu kwa ishara badala ya namba halisi lilijitokeza katikati ya miaka ya 1970. James C. King, akiwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM, alilieleza kwa ufasaha katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu utekelezaji wa kiishara na majaribio ya programu.

Katika utekelezaji wa kawaida, programu hupewa ingizo halisi, tuseme 7, na hufuata njia moja. Katika utekelezaji wa kiishara, ingizo hupewa jina, tuseme a, bila kusemwa ni namba gani. Programu ikijumlisha 3, matokeo huandikwa a + 3. Programu inapofika njia panda, kwa mfano inapouliza kama a + 3 ni kubwa kuliko 10, haiwezi kuchagua upande mmoja, kwa kuwa thamani ya a haijulikani. Kwa hiyo hugawanyika na kufuata pande zote mbili. Katika upande wa kwanza huandika sharti kwamba a + 3 ni kubwa kuliko 10. Katika upande wa pili huandika kinyume chake. Mkusanyiko wa masharti yaliyoandikwa tangu mwanzo wa programu hadi mahali fulani huitwa sharti la njia.

Sharti la njia ni maelezo kamili ya maingizo yote yanayoweza kuifikisha programu mahali hapo kwa njia hiyo. Kinachobaki ni kuuliza: je, ipo thamani ya a inayoyatimiza masharti yote kwa pamoja? Kazi hiyo hufanywa na programu nyingine inayoitwa kitatuzi cha masharti. Kitatuzi hutoa jibu mojawapo kati ya matatu: “ndiyo”, pamoja na mfano wa thamani zinazotimiza masharti; “hapana”, maana yake hakuna thamani yoyote inayoweza kuyatimiza; au “haijulikani”, pale muda au uwezo unapokwisha. Kitatuzi kinachotumika sana ni Z3, kilichoelezwa na Leonardo de Moura na Nikolaj Bjørner wa Microsoft mwaka 2008.

Jambo moja la kitaalamu linahitaji kusisitizwa. Kitatuzi lazima kihesabu kama mashine inavyohesabu, si kama mwanafunzi anavyohesabu ubaoni. Katika kumbukumbu ya biti nane, 250 jumlisha 10 si 260. Ni 4, kwa sababu namba hurudi sifuri baada ya 255. Mafumbo mengi huficha siri yake katika tabia hii, na makosa mengi ya usalama hutokana nayo.

3.0 Mfano: Programu ya Mizani

Chukua mizani ndogo inayopima hadi gramu 50 na kuonyesha uzito kwa sehemu za mia za gramu. Kwa hiyo uzito x ni namba nzima kati ya 0 na 5,000. Mizani ina vitufe vya namba, na mtumiaji anaweza kubonyeza vitufe vitatu, a, b na c, kabla ya kupima. Programu yake, ikiwekwa katika lugha ya kawaida, ni kama ifuatavyo:

Hatua ya 1: Weka alama kuwa 0. Soma vitufe a, b na c, kila kimoja kati ya 0 na 9.
Hatua ya 2: Ikiwa a + b si 13, nenda hatua ya 6.
Hatua ya 3: Ikiwa 2a + c si 17, nenda hatua ya 6.
Hatua ya 4: Ikiwa b − c si 1, nenda hatua ya 6.
Hatua ya 5: Weka alama kuwa 1.
Hatua ya 6: Soma uzito x.
Hatua ya 7: Ikiwa alama ni 1 na x ni zaidi ya 200, onyesha x − (x ÷ 20), sehemu ya desimali ya mgawanyo ikiachwa. Vinginevyo, onyesha x.

Mhakiki anayeweka mawe ya gramu 1, 5, 10 na 20 bila kubonyeza vitufe ataona usomaji sahihi kila mara. Hata akibonyeza vitufe kwa kubahatisha, michanganyiko ni 1,000, na kati ya hiyo ni mmoja tu unaofungua njia iliyofichwa. Michanganyiko ya vitufe na uzito kwa pamoja ni 5,001,000. Hakuna ofisi inayoweza kupima mara milioni tano juu ya sahani moja.

Utekelezaji wa kiishara hauhesabu maingizo, huhesabu njia. Katika programu hii njia ni tano tu. Njia ya kwanza hukomea hatua ya 2, ya pili hukomea hatua ya 3, na ya tatu hukomea hatua ya 4. Njia ya nne hupita hatua zote lakini x haizidi 200. Njia ya tano hupita hatua zote na x huzidi 200.

Swali la mtatuzi wa fumbo ni: vitufe gani huifikisha programu hatua ya 5? Sharti la njia ni a + b = 13, 2a + c = 17 na b − c = 1. Kutokana na sharti la tatu, b = c + 1. Ikiwekwa katika sharti la kwanza, a + c = 12. Ikitolewa katika sharti la pili, a = 5. Hivyo c = 7 na b = 8. Neno la siri ni 5, 8, 7. Kwa masharti matatu kazi hii hufanyika kwa kalamu. Kwa masharti mia tatu, hufanywa na kitatuzi.

Swali la mhakiki ni pana zaidi. Yeye hajui kwamba kuna neno la siri, wala hajui hatua ya 5 ipo. Anachojua ni kile ambacho mizani inapaswa kufanya: namba inayoonyeshwa iwe sawa na x. Kwa hiyo anakiuliza kitatuzi, kwa kila njia: je, zipo thamani za a, b, c na x ambazo namba inayoonyeshwa si sawa na x? Kwa njia nne za kwanza jibu ni “hapana”, kwa kuwa kinachoonyeshwa ni x yenyewe. Kwa njia ya tano jibu ni “ndiyo”, pamoja na mfano: vitufe 5, 8, 7 na x = 1,000, ambapo mizani huonyesha 950. Dhahabu ya gramu 10 imesomwa kuwa gramu 9.50. Mchimbaji amepoteza nusu gramu, na jiwe la gramu 10 lililowekwa asubuhi na mhakiki lilisomwa sawasawa.

Tofauti ya maswali haya mawili ni muhimu kwa hoja ya makala. Swali la kwanza lina shabaha inayojulikana. Swali la pili linatamka sifa ambayo kifaa kinapaswa kuwa nayo daima, kisha linatafuta kinyume chake popote kilipo.

4.0 Zana na Mafanikio ya Mbinu

Kwa takriban miaka thelathini baada ya King, mbinu hii ilibaki zaidi katika maabara, hasa kwa sababu vitatuzi vya wakati huo vilikuwa dhaifu. Hali ilibadilika katika miaka ya 2000. Mwaka 2005, Patrice Godefroid na wenzake walieleza mfumo wa DART, unaochanganya utekelezaji wa kawaida na wa kiishara: programu huendeshwa kwa ingizo halisi, masharti yake hukusanywa, kisha sharti moja hugeuzwa ili kupata ingizo jipya linaloelekea upande mwingine. Mwaka 2008, Cristian Cadar, Daniel Dunbar na Dawson Engler walieleza mfumo wa KLEE. Mfumo huo ulijaribiwa kwa programu za msingi za GNU Coreutils, ambazo zilikuwa zimetumika na kujaribiwa kwa miaka mingi, na ukagundua makosa ambayo majaribio ya kawaida hayakuyaona.

KLEE huanzia kwenye msimbo chanzo. Kwa mtatuzi wa mafumbo ambaye ana msimbo wa mashine pekee, zana inayofahamika zaidi ni angr, iliyotokana na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Zana hii hutafsiri maelekezo ya vichakato vya aina mbalimbali kuwa lugha moja ya kati, kisha huyatekeleza kiishara na kupeleka masharti kwa kitatuzi. Mtumiaji huitaja anwani anayotaka kuifikia na anwani za kuepukwa, nayo hutafuta ingizo. Sambamba nayo hutumika zana za kusoma msimbo wa mashine, kama Ghidra, iliyotolewa kwa umma mwaka 2019 na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani.

Uwezo wa mbinu hii ulishuhudiwa hadharani tarehe 4 Agosti 2016 mjini Las Vegas, katika fainali ya shindano la DARPA ambapo mifumo saba ya kompyuta ilishindana bila kusaidiwa na binadamu. Mifumo hiyo ilitafuta makosa katika programu ambazo haikuwahi kuziona, ikayaziba na kuyatumia dhidi ya wapinzani. Mshindi alikuwa Mayhem, na Mechanical Phish, uliojengwa juu ya angr, ulishika nafasi ya tatu. Yote miwili ilichanganya utekelezaji wa kiishara na majaribio ya maingizo nasibu, kwa kuwa kila mbinu huziba pengo la nyingine.

5.0 Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni mlipuko wa njia. Kila njia panda inaweza kuongeza idadi ya njia maradufu. Kitanzi kinachokagua herufi nane, kila moja kwa tawi lake na bila kukoma mapema, huzaa njia 256. Kikikagua herufi 32, njia hufikia 4,294,967,296. Zipo mbinu za kuunganisha njia zinazokutana tena mbele, lakini kuunganisha hufanya masharti kuwa marefu na kukilemea kitatuzi. Mzigo huhamishwa, hauondolewi.

Kikwazo cha pili ni hesabu zisizorudishika. Ikiwa programu hulinganisha muhtasari wa SHA-256 wa neno la siri badala ya neno lenyewe, sharti la njia huandikika, lakini kitatuzi hakina njia ya mkato ya kulitatua. Watunzi wa mafumbo hulijua hili, na mtu anayetaka kuficha njia ndani ya kifaa anaweza kulitumia vilevile.

Kikwazo cha tatu ni mazingira. Programu ya kifaa haizungumzi na kibodi na kioo tu. Husoma kitambuzi, saa, volti ya betri na kumbukumbu ya kudumu ambayo haifutiki umeme ukizimwa. Mchambuzi lazima aamue kila kimojawapo kiwe ishara au namba maalumu. Uamuzi huo una athari kubwa. Tuseme njia iliyofichwa katika mizani hufunguka baada ya vipimo 10,000, na hesabu ya vipimo huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kudumu. Mchambuzi akianza na kumbukumbu tupu, kama ya mizani mpya iliyotoka dukani, hatafika huko. Akiifanya kumbukumbu hiyo kuwa ishara, atafika kwa hatua moja, lakini idadi ya njia za kuchunguza itaongezeka.

Kikwazo cha nne hutangulia vyote: kuipata programu yenyewe. Chipu nyingi zina kinga inayozuia yaliyomo kusomwa kutoka nje. Bila nakala ya msimbo wa mashine, hakuna cha kutekeleza kiishara.

6.0 Uzito wa “Ndiyo” na Uzito wa “Hapana”

Mtatuzi wa mafumbo huvikabili vikwazo hivi kwa njia za mkato, nazo humfaa. Hupunguza wigo wa ingizo kwa kudhani kwamba bendera ina herufi za kawaida pekee. Huziepuka anwani zinazoonekana kuelekea kushindwa. Hubadilisha kazi ngumu za programu kwa muhtasari mfupi alioutunga mwenyewe. Huweka kikomo cha muda na kuzitupa njia zinazochelewa. Hakuna kosa katika hayo, kwa sababu jibu analolipata hujithibitisha. Akipata neno la siri, huliingiza katika programu halisi. Programu ikitoa bendera, kazi imekwisha, hata kama njia 9 kati ya 10 hazikuguswa.

Mhakiki wa mizani hana faraja hiyo. Akipata “ndiyo”, hali yake ni sawa na ya mshindani: hubonyeza 5, 8, 7 mbele ya mashahidi, huweka jiwe la gramu 10, na kioo huonyesha 9.50. Lakini mizani nyingi zinazoletwa kwake ni salama, na kwa hizo anachopaswa kutoa ni “hapana”: hakuna ingizo linaloifanya mizani hii idanganye. Jibu hilo haliwezi kuthibitishwa kwa kubonyeza kitufe. Ni kweli pale tu ambapo kila njia imefuatwa hadi mwisho na kitatuzi kimejibu “hapana” kwa kila moja. Njia moja iliyotupwa kwa sababu ya muda, au kazi moja iliyowekewa muhtasari usio kamili, inatosha kuigeuza “hapana” kuwa “haijaonekana”. Nayo “haijaonekana” ndiyo hali iliyokuwepo kabla ya uchambuzi.

Kisa cha Volkswagen kinaonyesha kwamba tahadhari hii si ya kinadharia. Mwezi Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba magari ya dizeli ya kampuni hiyo yalikuwa na programu iliyotambua yanapopimwa moshi. Wakati wa kipimo gari lilizingatia viwango. Barabarani lilitoa moshi mchafu zaidi. Mwaka 2017, Moritz Contag na wenzake walichapisha uchambuzi wa programu za chipu zinazoendesha injini hizo. Walieleza kuwa programu ililinganisha muda na umbali wa safari na mikondo inayofanana na ratiba ya kipimo rasmi, na kwamba sharti lililohusika lilipewa jina la masuala ya sauti ya injini. Kwa kutumia uchambuzi tuli wa msimbo, walikagua nakala 926 za programu na kuona dalili za ulinganishaji wa namna hiyo katika nakala 406.

Watafiti hao hawakutumia utekelezaji wa kiishara kama kiini cha kazi yao, lakini tatizo walilolikabili ni lilelile la mfano wa sehemu ya 3.0: kifaa kinachojua kinapopimwa. Kipimo cha nje, hata kikifanywa kwa uaminifu, huona upande ambao programu imeamua kuuonyesha. Lililo muhimu zaidi ni kwamba walijua cha kutafuta, kwa kuwa udanganyifu ulikwisha kutangazwa. Waliokuwa wakiyapitisha magari hayo miaka ya nyuma walikuwa katika nafasi ya mhakiki anayetakiwa kutoa “hapana”.

7.0 Mambo ya Kuzingatiwa katika Uhakiki

Kutokana na uchambuzi huu, matokeo ya utekelezaji wa kiishara yanayowasilishwa kama ushahidi kuhusu kifaa cha kupimia yanapaswa kuambatana na taarifa tano. Kwanza, utambulisho wa programu iliyochunguzwa, kwa muhtasari wa kihesabu wa nakala yake, pamoja na uthibitisho kwamba nakala hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kifaa kilichoko sokoni. Waraka D 31 wa Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Kisheria, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, unasisitiza utambulisho na ulinzi wa programu za vifaa vya aina hii. Pili, orodha ya vitu vilivyofanywa ishara: vitufe, kitambuzi, saa na kumbukumbu ya kudumu, na vile vilivyopewa thamani maalumu. Tatu, kazi zote zilizowekewa muhtasari na sababu za kufanya hivyo. Nne, idadi ya njia zilizokamilika, zilizokatizwa na zilizojibiwa “haijulikani”. Tano, sifa iliyokaguliwa, ikiandikwa waziwazi, kwa mfano kwamba namba inayoonyeshwa haitofautiani na uzito halisi kupita kiasi kinachoruhusiwa.

Taarifa ya nne ndiyo inayobeba uzito mkubwa. Ikiwa njia zilizokatizwa si sifuri, hitimisho sahihi si kwamba mizani ni salama, bali kwamba sehemu fulani ya programu haikukaguliwa. Mtengenezaji anaweza kuombwa aiandike upya sehemu hiyo kwa namna inayokaguliwa. Programu ya mizani ni ndogo ikilinganishwa na ya gari au simu, na vitanzi vyake vingi vina kikomo kinachojulikana. Kwa hiyo uhakiki kamili, ambao haufikirii kwa programu kubwa, unaweza kufikiwa kwa mizani, mradi mahitaji hayo yawekwe wakati aina ya kifaa inapoidhinishwa badala ya kusubiri kifaa kifike sokoni.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Mwanafunzi aliyejifunza mbinu hii kwa mafumbo hana ruhusa, kwa ujuzi huo pekee, ya kufungua mizani ya mfanyabiashara na kusoma chipu yake. Fumbo la shindano hutolewa na mwenye nalo ili lifumbuliwe. Kifaa cha mtu huhitaji ridhaa ya mwenye kifaa au agizo la mamlaka.

Mwisho, programu ni mlango mmoja tu. Sahani inaweza kuegemezwa, kitambuzi kinaweza kuathiriwa, na mkono wa mpimaji unaweza kudanganya bila chipu yoyote. Lakiri, stika ya uhakiki na ukaguzi wa kushtukiza hubaki na kazi yake. Utekelezaji wa kiishara hujibu swali moja ambalo hayo hayawezi kulijibu, nalo ni kile ambacho programu inaweza kufanya katika hali ambazo hakuna aliyezijaribu.

8.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba utekelezaji wa kiishara hubadilisha kubahatisha kuwa utatuzi wa masharti, na kwamba nguvu yake hutokana na kuhesabu njia za programu badala ya maingizo yake. Katika mfano uliotolewa, hali 5,001,000 zilichunguzwa kwa njia tano. Imebainishwa pia kwamba mafumbo ya uhandisi wa kinyume ni shule nzuri ya mbinu hii, lakini humzoesha mwanafunzi kutafuta “ndiyo” moja na kusahau yaliyoachwa nyuma. Mwanafunzi huyo akihamia kwenye uhakiki, jambo la kwanza analopaswa kujifunza upya ni kuziandika njia ambazo hakuzimaliza. Mchimbaji wa Geita anayeiweka dhahabu yake juu ya sahani hawezi kuiona programu iliyo chini yake. Anachoweza kudai ni kwamba aliyeikagua aseme wazi ameona kiasi gani, na kiasi gani hakukiona.